Chumvi ya Jumamosi

Alisimama nyuma ya mlango, akamwomba Mungu mumewe asahau chumvi.

Mume alirudi baada ya dakika kumi na moja. Akapanga vitu mezani kimoja kimoja: unga, sabuni, vitunguu, majani ya chai, kiberiti, mafuta. Mwisho akatoa chumvi.

"Saba," alisema akitabasamu. "Kuna kingine, mke wangu?"

"Potelea mbali!" mke akafoka. Akajifungia chumbani, akalia kwa hasira.

Miaka tisa ya ndoa, kila Jumamosi, mwanamume huyu alikwenda dukani mara mbili. Ukimtuma vitu saba, analeta sita, na kinachokosekana ni kile kile, chumvi. Mke anapiga kelele, yeye anacheka, anajipiga kofi kwenye paji la uso, anatoka tena. Safari ya pili ilimchukua saa nzima, maana alikuwa mtu wa watu, hapiti mlango bila kusalimia. Mwenye duka naye alikuwa na utani wake. "Hivi nyinyi mnafuga ng'ombe?" alimwuliza mke. "Chumvi yote ile!" Mke alidhani anakejeliwa.

Kisha ini la mume likaharibika, madaktari wakakata tamaa, wakamhamisha. Yote yaliyokuwa kichwani mwake yakatiwa kwenye mwili mpya, wenye sura yake, sauti yake, hata kovu la kidevuni. Mwili haukuumwa, haukula, na ulinuka kama viatu vipya. Siku alipofumbua macho alisema, "Nimezaliwa upya, mke wangu. Ya zamani yamekwisha." Mke alifikiri anazungumzia ugonjwa.

Tangu siku hiyo hasahau kitu. Hachelewi. Jioni anakaa naye, anamshika mkono, anamsikiliza hadi mwisho wa habari. Mwanamke gani angelalamika? Huyu alilalamika. Aliolewa na kichwa maji, karudishiwa malaika, na yeye hakuomba malaika kwa mtu! Alimtaka mumewe.

Siku tisini za majaribio zilikuwa zinakwisha leo, saa kumi jioni. Fomu ilikuwa na swali moja tu: Je, huyu ndiye mume wako? Akijibu ndiyo, ni wake moja kwa moja. Akijibu hapana, watakuja kumchukua na kufuta kila kilichomo.

Akafuta machozi, akatia fomu mkobani, akaenda kwenye karakana ya miili. Mara ya nne mwezi ule.

"Mmemwongezea akili," alimwambia mtaalamu. "Mume wangu alikuwa msahaulifu. Punguzeni!"

"Mama, hatuongezi, hatupunguzi. Alivyoingia ndivyo alivyotoka."

"Basi aliingia mwingine!"

Mtaalamu akashusha pumzi. "Nimempima kumbukumbu mara tatu. Angekuwa msahaulifu kabla, angekuwa msahaulifu mpaka leo. Tafadhali, kuna watu nyuma yako."

Alitoka akiwa amefura. Miaka tisa alilala na mtu yule, leo kijana wa kompyuta anamfundisha mumewe alikuwa nani! Miguu ikampeleka kwa mshonaji, mkabala na duka, rafiki yake tangu alipomshonea gauni la harusi. Mshonaji alikuwa amekonda siku hizi. Alikuwa cherehanini, akikunja upindo wa pazia.

"Umeshajibu?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Bado. Nimechoka, jirani. Nikipata dalili moja kwamba ni yeye, moja tu, naweka ndiyo na mambo yaishe."

"Dalili gani tena? Yule si yeye." Mshonaji alikanyaga cherehani kwa nguvu. "Mtu habadiliki hivyo. Shemeji alikuwa mcheshi, mwenye maneno yake. Jana kapita hapo mlangoni, hata salamu hakutoa, utafikiri hanijui. Jibu hapana, warudishe sanamu lao."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga mshonaji. Mke akaguswa. Angalau kulikuwa na mtu mmoja duniani anayemwelewa, na mtu huyo alisema kweli. Akatoa kalamu mkobani.

"Kunywa chai kwanza," mshonaji alisema. "Imo kwenye chupa, jikoni. Nimalizie upindo huu."

Jikoni palikuwa padogo na safi. Mke akamimina vikombe viwili, akatafuta sukari. Mezani haipo. Akainama, akafungua kabati la chini.

"Sukari iko kabati la juu!" mshonaji aliita. Cherehani ikanyamaza ghafla. "La juu, jirani! La chini usifungue!"

Kabati lilikuwa limejaa pakiti za chumvi, zimepangwa safu kwa safu hadi juu, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Mke akaitoa fomu mkobani, akaitandaza kwenye pakiti za safu ya mbele. Akaweka alama kwenye ndiyo, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka na chumvi ikaanza kumwagika.