Nyeusi au ya Kijivu

"Betri ya saa mbili utaipeleka wapi hapa Tuwan?" Hawo aliuliza, mkono kiunoni. "Stima ikipotea, unabaki umeshika sinia."

"Afadhali sinia kuliko hilo tofali lako," Mama Judy akamjibu. "Mtoto akibeba hiyo nyeusi mwezi mmoja, bega litalala, watu waulize kama alizaliwa hivyo."

Kati ya majirani hao wawili, kwenye kibaraza, Nyongesa alikuwa amechuchumaa. Laptop zake mbili zilikaa juu ya kreti ya soda. Alikuwa amefika mtaa huu wa Kitale kutoka Bungoma asubuhi, na mpaka alasiri hii hakuwa ameuza hata chaja. Muturi, mwenye duka, alimwambia wakiagana: begi likirudi limejaa hivi tena, ulilete halafu wewe uende nyumbani kabisa.

Sasa wanawake wawili walikuwa wakigombania bidhaa zake. Mchuuzi aombe nini tena?

"Mama zangu, kila moja ina uzuri wake," akasema. "Nyeusi inakaa na chaji saa sita, kamera yake safi. Ila ni nzito, na feni inalalamika kidogo. Ya kijivu ni nyepesi, ukiigusa imewaka, skrini kama kioo. Ila betri yake..."

"Sema tu ni mgonjwa," Hawo akasema.

"Si mgonjwa. Inachoka mapema."

"Kama mzee wa Mama Judy."

Ploti nzima ya wapangaji ikacheka. Nzima kweli, maana hakuonekana aliyebaki ndani. Waliokuwa wakifua waliacha beseni. Hata Kiptum, soja wa usiku ambaye saa hiyo angekuwa amelala, alikuwa amesimama pale na blanketi begani.

"Achana na mzee wangu," Mama Judy akasema, kisha akamgeukia Nyongesa. "Kijana, hii laptop ni ya Judy. Tangu amalize chuo huu ni mwaka wa tatu, anaomba kazi mpaka vidole vimeota sugu. Sasa kuna watu wanataka kumhoji kwa video. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo," Hawo akadakia.

"Sasa siwezi kununua kitu sikijui. Wewe unaweza kuoa bila kuuliza uliza?"

"Jaribuni tu, mama. Kwetu mteja anajaribu mpaka aridhike."

"Mpaka aridhike?"

"Mpaka mwenyewe aseme basi."

Hapo Judy akatoka. Juu alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, midomo imepakwa rangi. Chini alikuwa na leso na kandambili. Nyongesa akajua msichana amejipamba haraka haraka baada ya kumwona. Akavuta tumbo ndani.

"Naenda kujaribu kamera," Judy akasema, akichukua ile nyeusi. "Niwashie hotspot ya simu yako."

Akawasha.

"Bundles za intaneti ziko za kutosha?"

"Tuliza roho," Nyongesa akasema. "Nimenunua za leo yote."

Judy akaingia ndani, akafunga mlango. Nyongesa alitaka kumfuata, si kwa ubaya, laptop ni laptop. Hawo akasimama mbele yake.

"Nyumba iko na msichana, wewe unaingia kutafuta nini? Kaa hapa unieleze. Hii RAM mnasema ni nini hasa?"

Nyongesa akaeleza. RAM ni kama meza ya kupikia, ikiwa kubwa unapanga sufuria nyingi. Hawo akasikiliza vizuri, kisha akamwambia arudie tangu mwanzo. Mama Judy naye akaingilia kwamba nyeusi ndiyo laptop, hiyo ya kijivu ni ya kupigia picha tu. Hawo akaapa kwamba ya kijivu haina mpinzani Kitale nzima. Nyongesa, kwa furaha ya kuona kila laptop imepata wakili, hakujiuliza walibadilishana upande saa ngapi.

Ghafla mtu akazima redio. Watoto wakafukuzwa waende nyuma ya choo. Ugomvi haukuisha, ila sasa ulikuwa wa kunong'ona. Nyongesa hakuwahi kuona watu wakitukanana kwa adabu hivyo.

Katika ule ukimya akasikia sauti ya mwanamume ikitoka ndani kwa spika, Kizungu kizito, ikiuliza juu ya nguvu na udhaifu. Akajua wamempigia fundi aikague laptop.

"Huyo ni nani?"

"Mtu wa Nairobi," Mama Judy akanong'ona. "Yeye ndiye anachagua."

"Basi Judy amwambie feni sikuificha."

"Atamwambia. Rudia kuhusu meza na sufuria."

Akarudia. Akaeleza bawaba, akaeleza kibodi, akapindua ya kijivu ili Hawo aone tumbo lake. Dakika arobaini zikaisha. Jasho lilikuwa limegandisha shati lake mgongoni mlango ulipofunguka.

Judy alisimama kizingitini, laptop nyeusi imekumbatiwa kifuani, macho yamelowa.

"Kamera?" mama yake akauliza.

"Safi."

"Betri?"

"Imevumilia."

"Na yule mtu?"

Judy akaitikia kwa kichwa, akasema, "Tarehe moja." Hawo akajifunika uso kwa shela. Kiptum akarusha blanketi juu. Ploti yote ikapiga vigelegele. Nyongesa, ambaye tangu aanze kuuza laptop hajawahi kushangiliwa hivyo, akatoa kitabu cha risiti.

"Basi naandika nyeusi," akasema. "Kwa jina la Judy ama la mama?"

Mama Judy akamshika bega, akamgeuza polepole kuelekea mlangoni.

"Risiti ya nini, mwanangu? Mahojiano ya wiki ijayo yameisha leo. Anaanza kazi tarehe moja, na laptop wanampa huko huko. Nawa mikono, ingia tule."