Mtu wa Moto

Mchana, kazini, Rukaya alijibu maswali machache ya kupima tabia, akaambiwa yeye ni mtu wa Moto: akikasirika, anaweza kujeruhi. Jioni mwanawe mchanga alipolia, aliogopa kumgusa.

“Wifi, mbebe wewe,” alimwomba Mwatime, dada wa mumewe.

“Kwani umewahi kumpiga?”

“Sijawahi. Lakini ndivyo kipimo kilivyosema.”

Mwatime alimbeba mtoto, kisha akamsomea Rukaya maswali yaleyale upya kwenye simu. Rukaya alijibu kwa ukweli uleule, na safari hii akatoka mtu wa Maji, mpole kupindukia.

“Umeona? Upuuzi mtupu. Haya, mpokee mwanao.”

Rukaya alimpokea, lakini sasa hakujua yeye ni nani. Mtoto akanyamaza, akakishika kidole cha mama yake. Rukaya hakuthubutu kukikunja.