Amesimama Dede

Bi Kidawa wa nyumba ya pili anadai kwamba Siwema alimwagia jiko maji, wateja wamejaa na sahani mkononi. Si kweli. Aliepua tu karai la maandazi, akachuchumaa mlangoni. Mwanawe alikuwa amesimama dede. Wanawe wakubwa wawili walianza kutembea yeye yuko kwenye karai. Aliletewa habari tu.

"Shemeji, tuna njaa!" akalalamika fundi baiskeli.

"Tafuna sahani!"

Watu wakacheka, wakasogea kuchungulia. "Dede! Simama dede!" wakaimba, wakigonga sahani. Mtoto akayumba, akamtazama mama yake, akainua mguu mmoja.

"Basi nipe hata lisiloiva," fundi akanong'ona.

Siwema alikuwa amekunjua mikono yote miwili, unga ukidondoka.