Vidonge vya Presha

Kitanda kilikuwa kimetulia. Ukuta ndio uliokuwa ukienda. Mshonaji aliufuata kwa macho mpaka uliporudi mahali pake, kisha akateremsha mguu mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

"Inuka polepole, mama," mfamasia alimwambia siku alipompa vile vidonge vya presha. "Hivi vina tabia ya kumzungusha mtu, hasa akiamka."

Vikamzungusha kweli. Siku moja alishika ukuta mbele ya mwanawe, na kifungo kikaanzia hapo: hakuna kushuka ngazi. Ghorofa nne chini, mlangoni pa jengo, kiti chake kikabaki kitupu, pale alipozoea kushona huku akipokea habari za mtaa mzima. Cherehani ikapandishwa chumbani. Wateja wakapungua, maana nani apande ngazi zote hizo kwa ajili ya kupunguza suruali?

"Jumapili nakuja," mwana akasema kwenye simu. "Kama bado unayumba, cherehani tunaiuza na wewe unahamia kwangu. Mkweo ameshakutandikia kitanda."

"Kitanda mnacho. Watu wa kupiga nao soga je?"

"Mama, televisheni ipo."

Televisheni! Mshonaji alikata simu kabla hajamtukana mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Ilibidi kizunguzungu kiishe, basi. Daktari akampunguzia dozi kwa simu; ukuta haukujali. Akambadilishia dawa kabisa. Ukuta ukaendelea na safari zake.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye jengo zima lilimwita Bibi Redio, hakukosa kuja asubuhi na umbea ungali wa moto. Siku hiyo alimkuta mwenziwe akilitazama chungwa lililomponyoka na kubingirika hadi chini ya dirisha.

"Shoga, hata matunda yanakukimbia!"

"Ni mikono hii. Dawa imeimaliza nguvu."

"Ndiyo maana mimi simezi kitu. Kichwa kikiniuma, nakitukana mpaka kinaona haya."

Wakacheka hadi machozi. Lakini Bibi Redio alipotaka kuondoka, mlango ukagoma. Akauvuta, akaupiga bega, wapi! Ikabidi wapige kelele dirishani mpaka seremala akapanda na randa yake.

"Mbao zimevimba," seremala akasema, maranda yakimwagika miguuni. "Jengo hili litanijengea nyumba mwaka huu. Wiki hii tu nimeshamaliza ghorofa mbili za chini."

"Zimevimba na nini, na mvua yenyewe tumeisahau sura?" Bibi Redio akauliza.

"Mama yangu, mimi naranda. Mambo ya mvua muulize Mungu."

Walipoondoka, mshonaji akafanya mazoezi. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akarudi, akaanguka juu ya rundo la vitambaa, akainuka tena. Alitembea kama mfungwa anayepima chumba chake. Mwishowe akagundua siri: akiegemea kidogo upande ulio mbali na dirisha, hayumbi. Mwili mzima ulimwambia anakwenda upande, lakini miguu ilikwenda sawa. Akafanya hivyo mpaka ikawa tabia.

Jumapili mwanawe akaja, akausukuma mlango kwa goti mpaka ukafunga, akaketi na kukunja mikono kama msimamizi wa mtihani.

"Haya, tembea. Na usishike kitu."

Mshonaji akatembea. Kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, bila kugusa hata meza. Katikati ya chumba akasimama kwa mguu mmoja, kwa kumkomoa tu.

Mwana akacheka, akajipiga paja.

"Umeshinda, Mama. Unabaki hapa hapa. Kesho naishusha cherehani mwenyewe."

Mshonaji akapiga kigelegele mpaka Bibi Redio akamjibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwake! Jengo lake, kiti chake, umbea wake. Akafungua mikono amkumbatie mwanawe.

Mwana akainuka, akapiga hatua moja, akaenda upande. Akadaka kona ya meza.

"Makubwa! Na wewe wameshakupa vidonge vya wazee?" mama akamtania.

Mwana hakucheka. "Sijameza kitu," akasema. Alikuwa akiitazama cherehani, ambayo ilikuwa ikiteleza yenyewe, taratibu, kuelekea dirishani.

Akaurukia mlango. Akavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, mguu ukiwa umekanyaga fremu. Vumbi la saruji likawamwagikia vichwani.

"Bibi Redio!" mshonaji akapiga kelele. "Jirani, tusukumie mlango!"

Zilizojibu ni ngumi. Bibi Redio alikuwa akiupiga mlango wake, kwa ndani. Na chini yake, ghorofa ya tatu, na ya pili, na juu yao hadi paani, jengo zima lilikuwa likipiga milango, kwa ndani.