Kifungu cha Kumi na Nne

Karani wa masjala ya ardhi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha mafaili, funguo kazificha kifuani. Ofisini walimwita Komeo kwa utani. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka.

Nje, lori la kampuni lilikuwa limeshafunguliwa milango, na wapagazi walisubiri na makasha matupu. Mafaili yote ya viwanja na mashamba yalitakiwa kuondoka siku hiyo, yakaingizwe kwenye kompyuta za kampuni binafsi.

"Mkataba umeshasainiwa," alisema mkuu mpya wa idara.

"Na mimi nimeshakaa."

Wafanyakazi wa dirishani walijifanya wanapanga karatasi. Wengine walizitamani hizo kompyuta, wamechoka kupiga chafya kwa vumbi. Wengine walihofia vibarua vyao kuota nyasi. Ila wote walidhani Komeo anaogopa mashine.

"Kompyuta sina ugomvi nayo," alisema. "Ileteni hapa, nitachapa mpaka vidole viote sugu. Ugomvi wangu ni kifungu cha kumi na nne. Eti kumbukumbu zote zitakuwa mali ya kampuni! Mjane akitaka kuona hati ya shamba lake, akapige hodi kwa nani?"

Mkuu aliubana mkataba kwapani. Inaonekana hakuwa amefika kifungu hicho.

Mkurugenzi wa kampuni, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, alichuchumaa mbele ya kigoda bila kujali suti yake.

"Mama, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Kazi hii nimeihangaikia miaka mitatu."

"Najua."

"Tukikitoa kifungu hicho, kampuni itakufa."

"Na ife. Wewe utabaki."

"Unaniaibisha mbele za watu, mama."

"Aibu ni hiyo uliyoiandika."

Macho ya mkurugenzi yalilowa. Komeo aliyaona, akakaza uso, akajisogeza vizuri zaidi mlangoni.

Mkuu alichomoa simu. "Basi yatosha! Naita polisi waje wambebe."

"Usipige!"

Mkurugenzi alisimama ghafla, akamnyang'anya mkuu mkataba uliokuwa kwapani. Akafunua kurasa, akakipiga kifungu cha kumi na nne mistari miwili ya kalamu, akatia sahihi pembeni, kisha akamsukumia mkuu kalamu naye atie yake.

Mkuu alitumbua macho. Alimtazama mkurugenzi, akamtazama Komeo, ambaye hata kope hakupepesa.

"Faida yote hiyo unaitupa kwa ajili ya karani mmoja? Unamwogopea nini huyu?"

"Sasa polisi wakimbeba," mkurugenzi alisema, akijifuta macho, "jioni nikamwambie nini baba? Kwamba nimemtia ndani mama aliyenizaa?"