Joto la Mfukoni

Kwa miaka kumi na tisa Mbaruku ndiye aliyeshusha sindano kwenye ubongo wa panya wa maabara. Kila panya alimbeba kwanza mfukoni mwa koti lake wiki nzima, auzoee mkono. Mwezi uliopita mkono huo ulitetemeka mara moja. Ikatosha.

“Hakuna haja ya kuwazoesha tena, mzee wangu,” alisema Daktari Nasike, akiiwasha mashine mpya ya kushusha sindano. “Hii haitetemeki. Wewe utabaki na usafi wa vizimba.”

Mbaruku akamtoa panya wa mwisho mfukoni. Panya akachomwa dawa ya usingizi, akasinzia huku akinusa kidole alichokizoea. Sindano ikashuka yenyewe.

“Umeona?” Nasike akauliza.

Mkono wa Mbaruku ulikuwa umerudi mfukoni, unapapasa palipobaki na joto.