Gumba la Bi Tabu

"Mwenye nyumba hajiwezi, yuko kitandani," Shamte alikuwa akimwambia afisa wa benki, "ndiyo maana nimekuja na hati ya uwakili."

Mlango ukafunguka. Mwenye nyumba, mama yake mzazi, akaingia kwa miguu yake.

Bi Tabu alimpa uwakili ule alipokuwa mahututi, ili amlipie deni la nyumba, basi. Shamte ndiye aliyemshika gumba akalichovya winoni, kisha akalipangusa kwa leso, taratibu, kama mtoto mwema. Leo alikuwa akiiweka nyumba ileile rehani kwa mkopo mpya, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Mama, si ungepumzika nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani?"

Afisa alikohoa. "Kisheria, mama, yeye ndiye anayesema kwa niaba yako."

"Kwani mimi nimekufa? Hunioni? Niletee karatasi ya kumvua huo uwakili!"

Hakungoja. Aliivuta pedi ya wino, akalididimiza gumba mpaka ukucha. Shamte akatoa leso haraka.

"Koma! Usiniguse."

Bi Tabu akaketi, gumba jeusi ameliinua juu, na ile leso ikabaki inaning'inia mkononi mwa mwanawe, nyeupe pe.